Mchumba Aliyetumwa na Mtalaka

"Unaandika nini?"

"Ulichosema."

"Sijasema kitu."

"Nimeandika hilo pia," alijibu Bi Letchumi bila kuinua uso.

Rohaizad akacheka kwa pua. Mwezi wa tano huo, kila Jumamosi saa nne asubuhi, anakaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kituo cha ustawi wa jamii, bintiye Balqis mbele yake, na Bi Letchumi pembeni na daftari lake. Mahakama iliamuru hivyo: amwone mtoto saa moja kwa wiki, mbele ya msimamizi, na kila neno liandikwe. Mama mtoto, Mastura, hungoja chumba cha mwisho cha upande wa pili. Huingilia mlango wa nyuma robo saa kabla ya Rohaizad na kuondoka robo saa kabla yake, wasionane hata kisogo.

Amri hiyo haikuanguka toka mbinguni. Mwaka juzi, kwenye ngazi za ghorofa lao kule Pasir Gudang, mji wa bandari wa Johor, Rohaizad alimvunja mkewe mtulinga kwa helmeti ya pikipiki, na kila pigo alilisindikiza na talaka. La kwanza, "Nimekuacha." La pili, "Nimekuacha." La tatu vilevile. Majirani walisikia na walipoitwa mahakamani hawakumung'unya maneno, kadhi akathibitisha talaka tatu. Wiki haikuisha, bwana yuko msikitini analia anamtaka mkewe. Mimi wanaume wa namna hii hawanitii huruma. Wanavunja sahani kisha wanataka kusifiwa kwa kuokota vipande.

Lakini talaka tatu hazina kurejeana. Mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine, waishi kimwili kama mke na mume, waachane, eda iishe. Na kuipanga ndoa ya hivyo makusudi ni laana, hata mtoto wa chuoni anajua.

"Njoo Baba akufunge kamba za kiatu," alisema Rohaizad siku hiyo.

"Siyo hivyo. Baba Nazmi anaanza na masikio mawili ya sungura."

Mkono wa Rohaizad ukasimama. "Nani?"

"Baba Nazmi. Mama kasema kesho wakishafunga nikah, naweza kumwita Baba. Mimi nimeanza leo."

Alizivuta zile kamba mpaka mtoto akajikunja kwa maumivu.

"Bwana Rohaizad, achia mguu."

"Baba yako ni nani?"

"Wewe," Balqis alisema, machozi yameshamjaa.

"Nisikilize. Huyo Nazmi nimemtuma mimi. Mama yako nimemwazimisha tu. Atakaa naye wiki moja, atamwacha, kisha mimi nakuja kuwachukua wote wawili mrudi nyumbani. Huyo si baba wa mtu. Huyo ni daraja, nikishavuka namkanyaga."

Kalamu ilikuwa inakwenda mbio.

"Hiyo ya daraja rudia tafadhali," alisema Bi Letchumi. "Hukumalizia vizuri."

Hapo ndipo Rohaizad alipojua amesema nini mbele ya nani. Aliinuka na meza yote. Ukingo wake ulimpata Bi Letchumi juu ya jicho, damu ikamshukia mpaka kwenye sari. Alipomnyang'anya daftari mama wa watu hakuachia, akamkunja kifundo cha mkono mpaka kikalia. Mlinzi aliingia, akapokelewa na kiti usoni. Balqis alikuwa ameshatambaa chini ya kabati la vitabu, mikono masikioni. Mtoto wa miaka sita, na tayari anajua pa kujificha mtu mzima akikasirika.

Rohaizad alichana ukurasa, akautia mfukoni, akatoka. Pikipiki ilisikika mpaka barabara kuu.

Mastura aliletewa mtoto na Bi Letchumi mwenyewe, kitambaa kimoja jichoni na mkono mmoja unaning'inia.

"Polisi wameitwa," alisema. "Kazi yangu ni kuandika, siyo kushauri. Lakini kuna jambo lazima nikwambie kabla hujaondoka."

"Lipo kwenye daftari?"

"Karatasi kaondoka nayo. Kichwa hakuondoka nacho."

Akamsomea kwa kichwa, neno kwa neno. Mastura alisikiliza, akamfunga mtoto kiatu, akauliza swali moja tu. "Alisema Nazmi? Kwa jina?"

"Kwa jina."

Kwenye teksi alituma ujumbe.

"Uko wapi?"

"Nachukua mchele na samli ya kesho. Bi harusi hutakiwi kuwa na simu leo, ukajipake hina."

"Njoo kwenye duka la dobi. Sasa hivi."

"Kuna nini?"

Akazima simu.

Duka hilo la dobi, la kufua na kupiga pasi, ni langu. Naitwa Rokiah. Mastura alikuja kwangu mwaka jana akitafuta kazi ya kupiga pasi, bega moja limeshuka kuliko jingine, akaniomba nisimwambie mtu yeyote anakaa wapi. Nilimpa kazi na nikampa chumba cha juu. Nazmi alianza kuja miezi minne iliyopita na mashati yake matatu ya kazi, fundi wa kupaka rangi meli, mpole, anasugua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Mastura, "Huyu usimwache apite." Kwa hiyo na mimi nina sehemu yangu ya ujinga.

Nilimweka Balqis chumba cha nyuma penye mashine za kukaushia. Mastura akawasha pasi, akaanza kunyoosha kanzu ya mteja kana kwamba siku ni ya kawaida. Nazmi akaingia na gunia dogo la mchele begani.

"Unamjua Rohaizad?"

"Nani?"

"Ukiniuliza nani mara nyingine, nakuchoma na hii pasi."

Nazmi alishusha mchele taratibu.

"Namjua."

"Tangu lini?"

"Kabla yako."

Pasi iliruka. Ilimpata kwenye mkono kabla haijaanguka, na ngozi ikanuka. Hakukwepa, na hilo ndilo lililozidi kumkasirisha Mastura.

"Sema."

"Mwaka jana nilizimia ndani ya tangi la meli. Gesi. Wenzangu walikimbia. Yeye alijifunga kitambaa puani, akaingia, akanivuta kwa kola mpaka juu. Akaniambia, siku moja nitakuomba kitu kimoja, na hutaniuliza kwa nini. Siku ikafika."

"Na kitu hicho kikawa mimi."

"Akasema mkewe wa zamani naye anataka kurudi, ila sheria inawazuia. Akasema nioe, nilale usiku mmoja, niache. Sikuwa nakujua, Mastura."

"Na uliponijua?"

"Nilinyamaza."

"Uliliona hili bega."

"Nililiona."

"Nikakuambia nani alilivunja. Ukanishika mkono ukalia. Machozi yale yalikuwa ya nani, yako au yake?"

"Yangu. Wallahi yangu. Toka siku ile niliamua sikuachi. Nilisema tukishafunga nikah, aje anidai, aniue akitaka, sikuachi."

"Kwa hiyo yeye ungemdanganya, na mimi ungenificha. Tungelala kitanda kimoja watatu, na mimi nahesabu wawili."

Wanaume wengi wakifika hapo hutafuta sauti kubwa. Nazmi aliinama tu, na mkono unavimba malengelenge.

"Anajua ninapofanya kazi?" Mastura aliuliza.

Nazmi akatazama gunia la mchele.

"Nazmi."

"Anajua. Nilimwambia mwanzoni kabisa."

"Na ninapolala?"

"Anajua."

Sikungoja zaidi. Niliruka kuvuta geti la chuma la mlangoni. Liliganda katikati, kama kawaida yake, na kwenye ule uwazi uliobaki akasimama Rohaizad, helmeti mkononi, damu ya watu wengine kwenye shati.

"Asalaam alaikum," alisema kwa adabu. "Nimekuja kumchukua mwanangu."

Nilikimbilia simu. Mastura alikimbilia mlango wa chumba cha nyuma. Nazmi alikwenda mbele, akasimama kwenye ule uwazi, mikono yote miwili ameipitisha kwenye nondo za geti, huku na huku.

"Toka njiani," alisema Rohaizad.

"Sitoki."

"Nilikuvuta kutoka tangini. Umesahau?"

"Sijasahau."

"Basi?"

"Basi nipige mimi."

Alimpiga. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, na nimelelewa na baba mwenye mkono mwepesi. Helmeti ya kwanza ilichukua meno, ya pili ikachukua taya. Nazmi alitema damu kwenye shati la mwenzake na hakuachia nondo. Ndipo Rohaizad alipoanza na vidole. Alivigonga kimoja kimoja kwenye chuma, polepole, huku anaongea kama mwalimu.

"Kesho ulikuwa unaoa. Kesho tu. Wiki moja ungevumilia, mbwa wee. Umemfundisha mwanangu kukuita Baba. Nani alikwambia uongeze hilo?"

"Mastura," Nazmi alisema kupitia damu, "mtoe mtoto."

Chumba cha nyuma hakina mlango mwingine. Hakujua.

Kidole cha nne kilipovunjika mkono mmoja uliachia. Rohaizad alipenya, akanisukuma mimi na simu yangu juu ya kapu la mashuka, akamkamata Mastura kwa mtandio na kumvuta mpaka wakaangukia meza ya pasi.

"Nimekusamehe," alimwambia, goti kifuani pake. "Nimekusamehe kila kitu, unaona? Wewe ndiye unayenifanya niwe hivi. Mwite Balqis."

"Simwiti."

Kofi.

"Mwite."

"Hata ukiniua."

"Nitakuua kisha nitamwita mwenyewe."

Akaukaza mtandio shingoni. Uso wa Mastura ulianza kubadilika rangi. Nazmi alikuja kwa magoti, mkono mmoja haufanyi kazi, akalitia lile taya lililovunjika kwenye kifundo cha mguu cha Rohaizad akauma kwa meno aliyobakiwa nayo. Rohaizad alipiga ukelele, akageuka kumkanyaga kichwa, na kule kugeuka ndiko kulikomponza. Mastura alivuta pumzi moja na kushika mti wa kuanulia mashuka, mti mgumu wa nibung, jamii ya minazi, urefu wa mtu. Pigo la kwanza lilimpata gotini. Alipoinama, la pili likampata mgongoni. La tatu na la nne na la tano sikuyahesabu.

"Mama," sauti ilitoka mlangoni. Balqis alikuwa amesimama na kiatu kimoja.

Mastura hakusikia. Mti uliendelea. Nilimkumbatia kwa nyuma kwa nguvu zangu zote.

"Mwanao anakuangalia," nilimwambia sikioni. "Mastura. Mwanao anakuangalia."

Mti ukaanguka. Polisi walimkuta Rohaizad sakafuni analalamika mguu, Nazmi kando yake hajitambui, na mama na mtoto wamekaa ndani ya kapu la mashuka wamekumbatiana.

Jumapili wageni walikuja, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupiga simu. Nilisimama mbele yao nikasema nikah haipo, kuleni. Wakala wali wa samli kimyakimya, wakaondoka na mayai yao, zawadi ya kila mgeni wa harusi kwetu, bila kumwona bwana harusi.

Kesi ilichukua miezi mitatu. Wakili wa Rohaizad alikuwa mjanja. Alisema mteja wake ni baba aliyechanganyikiwa kwa uchungu wa mtoto, alighadhibika siku moja baada ya miezi mitano ya tabia njema, na habari za mume wa kutumwa ni hadithi ya mwanamke. Ukurasa haukupatikana. Ikabaki kauli ya Bi Letchumi peke yake, na wakili akaanza kumuuliza umri wake na kama husahau vitu nyumbani.

Nazmi aliitwa akiwa na waya mdomoni. Angeweza kukataa, kukiri ndoa ya kupangwa ni kujivua nguo mbele ya mji mzima, na mama yake alikuwa amekaa safu ya pili.

"Ulikubali kumwoa mwanamke huyu ili umwache?" aliulizwa.

"Ndiyo."

"Ili mshitakiwa apate kumrudia?"

"Ndiyo."

"Yeye alijua?"

"Hakujua. Mimi ndiye niliyempa mshitakiwa anwani yake. Kilichotokea pale dobi kilipita kwenye mdomo wangu."

Mama yake alifunika uso. Rohaizad alimwangalia Nazmi na kutikisa kichwa, kama anayemsikitikia mtoto mjinga. Alifungwa miaka sita, na haki ya kumwona Balqis ikasimamishwa.

Siku ile Balqis aliuliza tukiwa tunapanda ngazi. "Baba hatarudi tena?"

"Atatoka siku moja," Mastura alimjibu. "Ukitaka kumwona utamwona, na mtu atakaa pembeni. Usipotaka, hakuna atakayekulazimisha."

"Na Ami Nazmi?"

Mama aliendelea kupanda ngazi. Mtoto naye ana akili zake, akahama kwa mama akaja kwangu. Wiki nzima, Ami Nazmi yuko wapi, Ami Nazmi mdomo umepona. Mwishowe Mastura alishindwa, akamtumia ujumbe, akanionyesha kabla hajautuma.

"Mtoto anakuulizia. Jumamosi saa nne, saa moja tu, dobi. Dada Rokiah atakuwepo muda wote. Zawadi zikaguliwe kwanza. Hakuna kunong'ona. Mimi usiniulizie."

Jibu lilikuja papo hapo. "Nitafika. Ahsante."

Mwenzenu nikageuka msimamizi. Nilivuta kigoda katikati ya mashine na marundo ya nguo, nikakunja mikono. Vidole vya Nazmi vilikuwa vimepinda, alishindwa kufunga kamba za kiatu, ikabidi Balqis ndiye amfunge yeye. Mastura alikuwa anapiga pasi pale pale, mgongo ametugeuzia, shati moja dakika arobaini.

"Dada Rokiah, naruhusiwa kusema jambo?" Nazmi aliniuliza Jumamosi ya sita.

"Sema, masikio ninayo."

"Si kwa mtoto."

"Basi huruhusiwi."

"Mruhusu," Mastura alisema bila kugeuka.

Nazmi alitoa bahasha mfukoni. "Nimeandikiwa barua na Rohaizad toka jela. Anasema amenisamehe, na kwamba ahadi bado ipo. Nimekuletea uisome. Sijaijibu na sitaijibu, lakini sikutaka uisikie kwa mtu mwingine."

Mastura aliichukua barua, akaisoma mpaka mwisho, akaiweka kwenye meza ya pasi na kuipiga pasi ikanyooka kabisa. Kesho yake aliipeleka polisi. Jumamosi iliyofuata hakunihitaji tena kwenye kigoda, ingawa nilikaa vilevile, maana umbea nao ni haki yangu.

Mwaka uliofuata, baada ya Mfungo, nikah ilifungwa sebuleni kwangu, watu kumi na mbili. Kadhi alikuwa mzee mchangamfu mwenye haraka. Baada ya ijabu na kabuli, yaani kuozwa na kukubali, alimpa Nazmi karatasi ya masharti asome, yale ambayo kila bwana harusi wa Johor husoma. Nazmi alitoa nyingine yake mfukoni.

"Kuna sharti nimeongeza mwenyewe, Tuan Kadhi. Mahakama imeshaligonga muhuri."

"Lisome tusikie."

Nazmi alisimama. Taya lake halikurudi sawasawa, maneno hutoka yamelala upande.

"Mimi Nazmi namkabidhi mke wangu Mastura talaka mkononi mwake. Siku yoyote, saa yoyote, akisimama mbele ya kadhi akasema hanitaki, ameachika, wala sitaulizwa."

Kadhi alivua miwani. "Kijana, umeelewa unachosoma? Akiamka kesho na hasira, huna mke."

"Nimeelewa. Talaka niliijia kabla ya kumjia yeye. Sitaki ikae kwangu."

Bi Letchumi, aliyekaa karibu na dirisha na mkono wake uliopona vibaya, alijifuta macho. Kadhi alimgeukia Mastura, akajaribu kuleta utani kidogo ili watu wapumue.

"Haya, bi harusi. Silaha yote umepewa wewe. Utaitumia lini?"

Mastura hakucheka. Alimtazama Nazmi, si kadhi.

"Siku atakayoninyamazia tena."

"Sawa," alisema Nazmi, akatia sahihi.